Msaada wa kisheria bila malipo: maswali tunayoulizwa mezani kila wiki

Siku za meza yetu watu huanza kukaa kwenye benchi saa moja asubuhi, kabla hata sisi hatujafungua dirisha. Maswali yao yanafanana sana, ndiyo maana tumeyaandika hapa, ili aliye mbali apate jibu bila kulipa nauli. Ukurasa unahusu Tanzania Bara na mashauri ya madai tu: ndoa, matunzo ya watoto, mirathi, ardhi, kazi na madeni. Kesi za jinai zina utaratibu wake. Kama una haraka, ruka kote huku uende kwenye swali la muda, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotezea haki zao.

Kweli ni bure? Hakuna hela ya chai?

Ni bure. Huduma hii inasimamiwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na anayeitoa anapaswa kuwa amesajiliwa kwa Msajili wa watoa huduma hizi, aliye chini ya Wizara ya Katiba na Sheria. Ukiambiwa utoe "ya karatasi", "ya mafuta" au "ya kumwona hakimu", ondoka, na ukifika nje andika jina la aliyekuomba.

Usichanganye na gharama ambazo hazituhusu sisi: nauli yako, kutoa fotokopi, na ada ya mahakama. Hiyo ya mwisho tutaizungumzia chini.

Nani anastahili? Mimi nina nyumba, si maskini wa kutupwa.

Kipimo ni kimoja: je, unaweza kumlipa wakili kwa shauri hili? Hatuna kiwango cha mshahara kilichobandikwa ukutani. Mama mwenye shamba la ekari kumi lililovamiwa na shemeji zake ana mali kwenye maneno tu, mkononi hana kitu. Mke wa mfanyabiashara anayepewa hela ya mboga kila asubuhi hahesabiwi kuwa tajiri kwa sababu mumewe ana malori. Tunaangalia kilichopo mikononi mwako wewe.

Kwa kawaida tutakuomba barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji. Kama mwenyekiti mwenyewe ndiye mnayegombana naye (hutokea mara nyingi kuliko unavyofikiri, hasa kwenye ardhi), njoo bila barua, utueleze.

Wajane, wazee, watu wenye ulemavu na watoto hawapangi foleni. Tafadhali usimnung'unikie mzee aliyepitishwa mbele yako.

Msaidizi wa kisheria, mwanasheria na wakili wana tofauti gani?

Msaidizi wa kisheria ni mtu wa hapo hapo kwenu aliyepewa mafunzo. Sheria ya 2017 inamtambua: anatoa elimu, anakusaidia kuandaa barua na nyaraka, anakuelekeza chombo sahihi cha kwenda, anapatanisha. Haruhusiwi kusimama mahakamani kwa niaba yako, na haruhusiwi kukutoza. Mwanasheria amesomea sheria. Wakili ni mwanasheria aliyeapishwa, jina lake limo kwenye orodha ya mawakili, na ana leseni inayohuishwa kila mwaka. Huyo ndiye anayeweza kukuwakilisha.

Halafu wapo vishoka. Utawakuta nje ya uzio wa mahakama na mkoba mkubwa, wanaandika "hati" kwenye meza ya mgahawa. Wengine wanajua kuandika vizuri kuliko mawakili, nakiri, lakini wakikosea hakuna wa kumuuliza. Ukiwa na shaka na mtu anayejiita wakili, muulize namba yake ya uwakili kisha tafuta jina lake kwenye orodha ya Mahakama iliyopo mtandaoni. Wakili wa kweli hakasiriki kuulizwa.

Nije na nini?

Njoo na karatasi zote, hata zile unazodhani hazina maana. Zamani zilikuwa zinakuja kwenye mifuko ya rambo. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku mwaka 2019 zinakuja kwenye bahasha za kaki, na bado zimekunjwa mara nane. Si neno. Kazi ya kuzipanga ni yetu.

Tunachotafuta humo ni hiki: kitambulisho cha NIDA au namba yake, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha kifo kama ni mirathi, mkataba wa kazi au kadi ya kazi, risiti za mshahara, hati ya mauziano ya kiwanja, na barua yoyote iliyowahi kutoka baraza au mahakama. Karatasi ya daftari la shule iliyoandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu, ikiwa na majina ya muuzaji, mnunuzi na mashahidi wawili wa wakati ule, inaweza kuwa ndiyo shauri zima. Usiinakili upya ili "ipendeze". Usiongeze sahihi iliyosahaulika. Ilete hivyo hivyo na madoa yake.

Simu yako pia ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, kwa hiyo meseji za ahadi ya kulipa, ujumbe wa WhatsApp na taarifa za kutuma pesa kwa simu vinahesabika. Usivifute kwa hasira. Wapo wanaofuta mazungumzo yote siku wanayoachana na mtu, kisha wanakuja kwetu kudai pesa walizomkopesha kupitia mazungumzo hayo hayo.

Andika pia majina ya watu walioona mambo kwa macho yao. Jirani aliyesikia kutoka kwa jirani mwingine hatusaidii sana.

Nina muda gani kabla sijachelewa?

Hili ndilo swali ambalo watu hawaliulizi, na ndilo lingepaswa kuulizwa la kwanza.

Ukiachishwa kazi isivyo halali, una siku 30 tu kufikisha mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayojulikana kama CMA. Madai mengine ya kazi, kama mshahara uliozuiwa, ni siku 60. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30. Shauri lililoanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, rufaa kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Kudai ardhi kuna miaka 12, na hiyo ndiyo inayowalaza watu usingizi: "si miaka kumi na miwili, ya nini haraka?" Kisha miaka 12 inaisha huku mvamizi ameshajenga, ameshazika na ameshaozesha mabinti pale pale.

Mlinzi mmoja alikuja mezani siku ya 41 tangu aachishwe. Siku zote hizo alikuwa anaambiwa na mwajiri wake "njoo Ijumaa tuyamalize". Alikwenda Ijumaa tano. Hakuwa mzembe, alikuwa mstaarabu. Lakini sheria haihesabu Ijumaa za ahadi, inahesabu tangu siku ya kuachishwa. Tangu hapo mtu akiniambia "wanataka tuyamalize kienyeji", namjibu: yamalizeni, lakini fomu ya CMA ipelekwe leo. Usuluhishi unaendelea hata fomu ikiwa imeshapokelewa, na pale CMA kwenyewe hatua ya kwanza ni usuluhishi. Kufungua shauri hakulipiwi.

Ukiwa umeshachelewa, unaweza kuomba kuongezewa muda. Ombi hilo linataka sababu ya msingi, na mahakama zetu zinamtaka mwombaji aeleze kila siku aliyochelewa. Karatasi za kulazwa hospitali husaidia. "Sikujua sheria" haijawahi kumsaidia mtu hata mmoja niliyemwona mimi. Kwa hiyo usisubiri siku yetu ya meza kama muda unakwisha. Gonga mlango siku yoyote useme "muda wangu unaisha keshokutwa". Hilo neno linafungua mlango.

Mume wangu anasema nyumba ni yake kwa sababu mimi sikuwa na kazi. Ni kweli?

Si kweli. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Kupika, kulea, kufua na kutunza nyumba vinahesabika. Jambo ambalo watu hawalisimulii ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa kuwa mahakama iliona alishapewa fedha na mumewe za kuanzisha mradi akazitumia vibaya. Kwa hiyo mchango unatambuliwa, lakini kiasi cha mgawo kinategemea ushahidi wa kila shauri. Usimwamini anayekuahidi nusu kwa nusu.

Utaratibu: kabla ya kuomba talaka mahakamani, mgogoro unapaswa kupita Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Linaweza kuwa la kata, la BAKWATA au la kanisa. Likishindwa kuwapatanisha linatoa hati ya kuthibitisha hivyo, na hati hiyo ndiyo tiketi yako ya mahakamani. Wengi wanarudishwa kwa kuikosa. Zipo hali chache ambazo mahakama inaweza kuendelea bila hatua hiyo, mfano mwenzako amekutelekeza na hujui aliko.

Jambo la haraka zaidi kuliko talaka ni nyumba yenyewe. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ukisikia minong'ono ya dalali anapitapita, njoo siku hiyo hiyo tuweke zuio. Kuzuia mauzo ni rahisi, kuyafuta baadaye ni safari.

Sisi hatukufunga ndoa, ilikuwa "sogea tukae".

Kifungu cha 160 cha Sheria hiyo hiyo ya Ndoa kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi katika mazingira yaliyowapa heshima ya mume na mke, kunakuwa na dhana kwamba walioana. Ni dhana, maana yake mwenzako anaweza kuipinga kwa ushahidi. Ila mahakama inaweza kutoa amri za matunzo na mgawanyo wa mali. Lete majirani, lete barua ya mtaa, lete kadi ya kliniki yenye jina lake.

Baba wa mtoto hatoi matunzo.

Anza Ustawi wa Jamii wilayani kwenu. Mara nyingi barua moja ya wito kutoka pale inatosha kumfanya mtu akumbuke kwamba ana mtoto. Isipotosha, Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu ombi la matunzo kupelekwa Mahakama ya Watoto, iwe wazazi walioana au la. Akimkana mtoto, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha DNA kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kina baba nao huja. Mzazi anayenyimwa kumwona mtoto ana haki ya kuomba, na hatumcheki mtu hapa.

Ndugu wa marehemu wamekaa kikao wakamteua kaka yake awe msimamizi wa mirathi. Sasa anauza mali.

Msimamizi wa mirathi si mrithi. Yeye ni mbebaji wa mzigo wa wengine: anakusanya mali, analipa madeni, anawagawia warithi, anarudi mahakamani kutoa hesabu. Kwenye Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na hesabu za mgawo, Fomu namba 5 na namba 6, ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Muulize kwa upole kama ameshawasilisha. Akikuna kichwa, umeshapata jibu, na unaweza kuiomba mahakama imwite ajieleze au imwondoe.

Kama bado hajateuliwa, una nafasi nzuri zaidi. Ombi la usimamizi hutangazwa, na mtu mwenye maslahi anaweza kuweka pingamizi. Pitia ubao wa matangazo wa mahakama ya mahali marehemu alipokuwa anaishi. Najua msiba ukiwa mbichi hakuna anayetaka kusoma ubao. Mtume kijana.

Wajane hutuuliza: "Ukoo umegoma kukaa kikao, nifanyeje?" Muhtasari wa kikao hurahisisha kazi, lakini ukoo kugoma hakukufungii mlango. Nenda na cheti cha kifo na majina ya warithi, ueleze mbele ya hakimu kwamba uliwaita hawakuja. Na kama mna watoto wadogo, sema hivyo mapema.

Mgogoro wa ardhi naanzia wapi? Nimeshazungushwa.

Hapa pamebadilika, ndiyo maana unazungushwa. Zamani Baraza la Kata liliweza kuamua shauri dogo la ardhi. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, ndani ya siku 30. Likishindwa linakupa hati, unakwenda nayo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hiyo mtu akikuonyesha "hukumu" ya Baraza la Kata ya mwaka jana inayompa shamba lako, usitetemeke. Ilete tuione.

Kwa wanawake wanaoambiwa kwamba kwa mila za kwao mwanamke hamiliki shamba: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inazibatilisha mila zinazomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Tuna nakala, tunaweza kukufungulia ukurasa uende nao kwenye kikao cha ukoo. Imeshawahi kuzima kelele.

Nimeletewa samansi. Nisipokwenda?

Shauri litasikilizwa bila wewe na hukumu itatoka ya upande mmoja. Nenda. Hata kama hudaiwi kitu, hata kama jina limekosewa, nenda ukaseme hivyo. Ukiwa umeshahukumiwa bila kusikilizwa, kuna ombi la kutengua, lakini nalo lina muda wake.

Mwenzangu ana wakili, mimi niko peke yangu. Nimeshashindwa?

Hapana. Lugha ya mahakama ni Kiswahili, na sehemu kubwa ya kesi za madai huamuliwa na ukweli wa matukio: nani alilipa nini, lini, nani alishuhudia. Kwenye Mahakama ya Mwanzo mawakili walikuwa hawaruhusiwi kabisa. Tangu 2021 wanaruhusiwa pale hakimu anapokuwa hakimu mkazi, yaani wa cheo cha juu kuliko hakimu wa kawaida wa Mahakama ya Mwanzo. Utamkuta wakili huyo amevaa suti, atasema "Mheshimiwa" mara ishirini. Msikilize, usimkatize, andika anachosema.

Jambo ambalo wachache wanalijua: chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, hakimu au jaji akiona haki inataka mhusika wa shauri la madai apate msaada wa kisheria na hana uwezo, anaweza kuagiza apatiwe. Simama useme: "Mheshimiwa, sina uwezo wa kuweka wakili, naomba msaada wa kisheria." Usione aibu. Sema kabla ushahidi haujaanza kusikilizwa.

Na ada ya mahakama?

Unaweza kuomba usamehewe kwa kutokuwa na uwezo. Tutakusaidia kuandika ombi. Barua ya mtaa hufanya kazi hapa.

Nimekopa kausha damu, wamebeba friji na kitanda.

Lete mkataba. Kama hukupewa nakala, hilo lenyewe ni la kuandikwa. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 kampuni ya mikopo inapaswa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na swali letu la kwanza kwao huwa hilo. Kukopa kwa wengine ili ulipe hawa, tafadhali usifanye kabla hatujaonana.

Mtanilazimisha nipatane?

Hapana. Usuluhishi wa hapa mezani ni hiari, na karatasi usiyoielewa usiisaini, hata kama ni sisi tumeiandika. Tena yapo mambo ambayo hatuyasuluhishi kabisa: kipigo, ubakaji, mtoto kuharibiwa. Familia zikija na mbuzi na maneno ya "tumeshaelewana", tunawaelekeza Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na tunakwenda nao.

Nipo mbali. Nitapata wapi huduma?

Uliza ofisi ya Maendeleo ya Jamii au Ustawi wa Jamii kwenye halmashauri yako. Wanawafahamu wasaidizi wa kisheria wa kata. Dar es Salaam, mambo ya ndoa, mirathi na watoto yana kituo chake Temeke, Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia. Wiki ya Sheria, kila mwaka kuelekea mwanzo wa Februari, mahakama na mawakili hukaa viwanjani kutoa ushauri. Mwaka 2023 ilianza pia Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, ya kuzunguka mikoani. Ikifika kwenu wahi asubuhi, foleni yake si mchezo.

Aliyeko Zanzibar ana sheria yake ya msaada wa kisheria ya mwaka 2018, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tangu 1992. Ndugu zetu wa Kenya wanaosoma hapa: kwenu ni Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, na Kituo cha Sheria cha Nairobi kimekuwa kikifanya kazi hii tangu 1973. Siku tulizotaja hapa msizitumie, za kwenu ni tofauti.

Nikishinda, mnachukua asilimia ngapi?

Hatuchukui chochote. Lakini kushinda na kulipwa ni mambo mawili. Aliyeshindwa asipolipa kwa hiari, unarudi mahakama ile ile kuomba kukaza hukumu, yaani alazimishwe kulipa, na mahakama haitazunguka mjini kukutafutia mali za mdaiwa wako. Kwa hiyo njoo na nakala ya hukumu yenye muhuri, pamoja na orodha ya unachokijua: anafanya kazi wapi, duka lake liko mtaa gani, pikipiki yake ina namba gani.